Tashtiti ya Siasa katika Riwaya za Kijerumani

Tashtiti ni namna ya maandishi inayokosoa kwa kuchekesha. Si matusi, kwa maana mwenye kutukana huonyesha chuki yake waziwazi, na aliyetukanwa aweza kumjibu. Wala si mzaha mtupu, kwa maana mzaha huisha pindi kicheko kinapoisha. Wasemaji wa Kiswahili hawana haja ya kufundishwa jambo hili tangu mwanzo, kwani kijembe cha mashairi ya kujibizana na fumbo la nyimbo za taarabu vimeyazoeza masikio yao kusikia maneno mawili katika neno moja. Hata hivyo kijembe aghalabu hurushwa na mtu kwa mtu mwenziwe, ilhali tashtiti ya siasa huelekezwa kwenye mamlaka. Makala haya yanaeleza jinsi tashtiti ya namna hiyo ilivyoendelea katika riwaya na hadithi za Kijerumani tangu mwanzo wa karne ya ishirini hata mwaka wa 2012.

Mtu aweza kudhani kwamba shabaha ya maandishi hayo ni mtawala. Katika vitabu bora vya Wajerumani sivyo ilivyo. Shabaha yao kubwa ni yule anayetawaliwa, tena anayependa kutawaliwa. Na silaha yao kubwa ni lugha ya wakubwa yenyewe, ambayo mwandishi huiacha iseme mpaka ijifichue. Mambo haya mawili, yaani mtii na lugha ya bwana wake, ndiyo yatakayofuatwa hapa, kwa kuwa ndiyo yanayomhusu zaidi mtaalamu wa lugha, na ndiyo yanayomtwisha mfasiri wa Kiswahili mzigo mzito.

Sheria ya Kaizari

Dola ya Ujerumani iliundwa mwaka wa 1871, na Kaizari Wilhelm II aliitawala tangu mwaka wa 1888 hata mwaka wa 1918. Katika zama zake, kumvunjia Kaizari heshima kwa maneno lilikuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Mwaka wa 1896 lilianzishwa mjini München gazeti la picha na dhihaka lililoitwa Simplicissimus. Miaka miwili baadaye Kaizari alifanya safari ya fahari kwenda Palestina, na gazeti likamcheka. Toleo lile lilikamatwa; mchoraji Thomas Theodor Heine na mwandishi Frank Wedekind walitiwa kifungoni; na mwenye gazeti, Albert Langen, alikimbilia nchi za nje akakaa huko miaka kadhaa.

Palipo na sheria ya namna hiyo, mwandishi anayetaka kusema habari za kiti cha enzi hupata njia salama zaidi akisema habari za wale wanaokiinamia. Njia hiyo haikuwa ya usalama tu. Iliwapeleka waandishi kwenye swali lililo gumu zaidi kuliko makosa ya Kaizari mmoja: je, mtu mzima mwenye akili timamu huwaje akapenda fimbo inayompiga?

Mtiifu wa Heinrich Mann

Swali hilo ndilo kiini cha riwaya ya Heinrich Mann iitwayo Der Untertan. Mann, kaka yake Thomas Mann, alizaliwa mjini Lübeck mwaka wa 1871, yaani alilingana umri na dola aliyoidhihaki. Mtu mkuu katika riwaya yake ni Diederich Hessling, mtoto wa mwenye kiwanda cha karatasi katika mji wa kubuniwa unaoitwa Netzig. Tangu utotoni Hessling anaogopa kila mwenye nguvu na kumwonea kila mnyonge. Siku ya kuzaliwa kwa mwalimu, wanafunzi wanapopamba meza na ubao kwa maua, yeye anazidi mpaka: anaivika maua hata henzirani ambayo mwalimu huwachapia.

Picha hiyo moja inatosha kueleza kitabu kizima. Hessling anakwenda Berlin kusoma, anaingia katika chama cha wanafunzi kinachojivunia kunywa bia na kupigana kwa panga, na huko anaona raha kwa kuwa hana tena nafsi yake mwenyewe. Chama kinafikiri kwa niaba yake. Jeshini anatafuta udhuru wa mguu mpaka anaruhusiwa kuondoka, kisha maisha yake yote anajisifu uaskari. Siku moja anamwona Kaizari amepanda farasi, anamkimbilia kwa mapenzi yaliyomlevya, anateleza na kuketi katika dimbwi la matope, na Kaizari anamcheka. Mtu mwingine angaliona haya. Hessling anaona amebarikiwa.

Hapo ndipo lugha inapoanza kufanya kazi yake. Hessling anasimamisha masharubu yake mfano wa masharubu ya Kaizari, na kinywa chake kinajaa maneno ya Kaizari. Mann alichukua semi kutoka katika hotuba halisi za Wilhelm II akazitia katika mazungumzo ya mwenye kiwanda huyo mdogo anayewatisha vibarua wake na kugombana na dada zake. Hakuziongeza chumvi, wala hakuhitaji kufanya hivyo. Semi zilizovuma kama ngurumo uwanjani zikawa kichekesho zilipohamishiwa chumba cha kulia chakula. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mwiga anafika mahali pa kumtangulia anayeigwa. Askari wa zamu anampiga risasi mfanyakazi mmoja akamwua, na Hessling anatunga simu ya uongo ambayo kwayo Kaizari anampandisha cheo askari yule. Simu inachapishwa gazetini. Wakubwa hawaikanushi, na uongo unakuwa kweli. Mtii na mtawala wamekuwa sauti moja, wala haijulikani tena ni nani anayemwamuru mwenziwe.

Mambo yanayosimuliwa humo ni ya miaka ya tisini ya karne ya kumi na tisa. Katika miaka hiyohiyo dola hiyohiyo ilikuwa ikieneza utawala wake katika Tanganyika, ambako adhabu ya viboko 25 ilibaki katika kumbukumbu za watu kwa jina la “hamsa ishirini”. Mann hakuandika habari za Afrika ya Mashariki. Lakini msomaji wa huku akikutana na henzirani iliyovikwa maua atakuwa na la kufikiri: wale waliokuja kushika kiboko nchini walikuwa wamelelewa katika shule za namna ile.

Riwaya ilianza kutolewa sehemu kwa sehemu katika gazeti mwaka wa 1914, lakini vita vilipoanza mwezi wa Agosti ilikatizwa. Ilitoka kama kitabu mwaka wa 1918 baada ya Kaizari kuondoka, na katika muda wa majuma machache zikauzwa nakala zipatazo 100,000. Mauzo hayo yalikuwa ushindi wa mwandishi, lakini hayakuwa dawa ya ugonjwa alioueleza. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vya Heinrich Mann vilikuwa miongoni mwa vile vilivyochomwa moto hadharani, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kimbia nchi. Mwaka wa 1951 Wolfgang Staudte alitengeneza filamu ya riwaya hiyo katika Ujerumani ya Mashariki. Ujerumani ya Magharibi iliizuia filamu hiyo isionyeshwe hata mwaka wa 1957. Kaizari alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka wa 1941. Ni dhahiri kwamba aliyeogopwa katika filamu ile hakuwa yeye.

Msafiri kutoka Ukara

Wakati Mann alipokuwa akiandika habari za Netzig, Mjerumani mwingine alikuwa akifanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine, na kazi yake ina uhusiano wa moja kwa moja na nchi ya Tanzania. Hans Paasche, aliyezaliwa mwaka wa 1881, alikuwa afisa wa jeshi la majini. Mwaka wa 1905 aliongoza kikosi katika nchi ya Rufiji wakati wa Vita vya Maji Maji, na aliyoyaona huko yalimgeuza moyo hata akawa adui wa vita. Katika miaka ya 1912 na 1913 alitoa katika gazeti la Der Vortrupp barua zilizodaiwa kuandikwa na Mwafrika mmoja, Lukanga Mukara, anayetembelea Ujerumani kwa amri ya mfalme wake na kumpasha habari za aliyoyaona. Jina lake linaonyesha anakotoka: Mukara ni mtu wa Ukara, kisiwa kilichomo katika Ziwa Victoria.

Mbinu ya kumleta mgeni aistaajabie nchi ilikuwa ya zamani. Mfaransa Montesquieu aliwatumia Waajemi kwa kazi hiyo mwaka wa 1721. Upya wa Paasche ulikuwa katika lugha. Kichwa cha kitabu chake kinasema habari za safari ya uchunguzi ya Mwafrika katika kiini cha ndani kabisa cha Ujerumani. Maneno hayo ndiyo ambayo wachunguzi wa Kizungu waliyatumia kwa safari zao za bara la Afrika. Lukanga anaangalia jinsi wenyeji wanavyomeza moshi, jinsi wanawake wao wanavyojibana viuno kwa mavazi, jinsi wanaume wanavyokunywa pombe kwa kushindana, jinsi kila mtu anavyokimbia pasipo kujua aendako. Na anayaandika hayo yote kwa upole wa mtaalamu anayewahurumia washenzi wake. Anayechekwa si Kaizari peke yake, bali ni istilahi zote za elimu iliyowagawa watu kuwa wanaochunguza na wanaochunguzwa.

Kasoro ya kitabu hiki haina budi kutajwa pia. Sauti ya Lukanga ni sauti ya Paasche. Mawazo yake juu ya pombe, tumbaku na afya ya mwili ni mawazo ya vijana wa Kijerumani waliotaka kuyabadili maisha ya taifa lao, na mtu wa Ukara akivisoma visa hivi hatapata ndani yake habari nyingi za kwao. Mwafrika ametumiwa kama kioo, na kioo hakiulizwi maoni yake. Hata hivyo aliyekishika kioo hicho alilipa gharama. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Paasche alikamatwa kwa maandishi yake ya kupinga vita, na tarehe 21 Mei 1920 askari waliokuja kupekua shamba lake wakitafuta silaha walimpiga risasi akafa. Barua za Lukanga zilitolewa kama kitabu mwaka uliofuata.

Hadithi ya Irmgard Keun

Katika utawala wa Hitler, kuanzia mwaka wa 1933 hata mwaka wa 1945, tashtiti ya wazi haikuweza kuchapishwa ndani ya Ujerumani. Iliandikwa uhamishoni. Miongoni mwa vitabu vya namna hiyo vilivyo bora ni riwaya fupi ya Irmgard Keun, Nach Mitternacht, iliyochapishwa Amsterdam mwaka wa 1937. Keun alizaliwa Berlin mwaka wa 1905. Vitabu vyake vilipokamatwa alithubutu kuidai serikali imlipe fidia ya mapato aliyoyakosa. Dai hilo lenyewe lilikuwa namna ya tashtiti, maana aliichukua serikali iliyojiita ya sheria kwa neno lake.

Msimulizi wa riwaya ni msichana wa miaka 19 anayeitwa Sanna. Hapingi siasa wala haielewi. Anayasema tu anayoyaona, na maneno anayoyasikia anayarudia kama yalivyo. Anaona jinsi watu wanavyojipanga katika ofisi ya polisi ya siri kuwashitaki jirani na jamaa zao. Hata yeye ameshitakiwa na shangazi yake mwenyewe. Anaona mji wa Frankfurt ukimngojea Hitler apite. Mtoto mmoja wa kike amechaguliwa, akafundishwa, akavalishwa, ili katika saa iliyopangwa ayavunje mapenzi ya watu yaliyozuiwa na safu ya askari, akimbie mwenyewe, ampe Kiongozi maua. Kwa kazi hiyo Kijerumani cha riwaya kina neno moja refu, Reihendurchbrecherin, yaani mwanamke au msichana anayevunja safu. Kiongozi anapita bila kusimama, na jioni ileile mtoto, katika kulisoma shairi lake mbele ya wanywaji bia, anaanguka na kufa.

Neno lile lastahili kuangaliwa. Kijerumani kimeunganisha maneno matatu kuwa cheo, na kwa kuwa ni cheo, msikilizaji hasikii tena upuuzi wake: haiwezekani mtu ateuliwe rasmi kufanya jambo la ghafla. Mfasiri anayesema “mvunja safu” atapata maana lakini atapoteza uchungu. Kiswahili kina njia nyingine, ambayo Kijerumani hakina, nayo ni mnyambuliko wa kitenzi. Mtoto huyu havunji safu; anavunjishwa safu. Katika kauli hiyo moja kutendesha na kutendwa kumekutana, na siri yote ya shangwe iliyopangwa imetoka nje.

Ukimya wa Böll na ngoma ya Grass

Baada ya mwaka wa 1945 Wajerumani wa Magharibi walijenga upya miji, viwanda na idhaa za redio, na wengi waliokuwa wakisema lugha moja wakaanza kusema nyingine. Heinrich Böll wa Köln, aliyekuwa askari katika vita na aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1972, aliyaeleza mabadiliko hayo katika hadithi fupi ya mwaka wa 1955 juu ya Daktari Murke, kijana anayefanya kazi katika nyumba ya redio. Mwanachuoni mmoja mashuhuri, Bur-Malottke, aliyeingia dini mwaka wa 1945 wakati dini ilipokuwa na soko, sasa ameingiwa na shaka. Amekwisha kunasisha mazungumzo mawili juu ya sanaa, na anataka kila mahali palipo na neno Mungu litolewe na kutiwa badala yake maneno marefu yanayosifu kitu fulani cha juu kisichotajwa jina.

Kazi anapewa Murke, naye anailipiza kwa sarufi. Anamweleza mwanachuoni kwamba Kijerumani kina hali za majina, kwa hiyo hayatoshi kuyasema maneno mapya mara moja; hapana budi ayaseme katika kila hali, na hata katika wito. Mtu mkuu anasimama mbele ya kipaza sauti akijikwaa katika vimalizio, na utovu wake wa imani na wa ushujaa unaonekana katika kila kimalizio. Vipande vya utepe vilivyokatwa havitupwi. Vinatiwa katika mchezo mwingine wa redio, mahali ambapo mtu asiyeamini anauliza maswali na hajibiwi. Murke mwenyewe hukusanya vipande vya utepe ambavyo wasemaji walinyamaza, huenda navyo nyumbani kwake, akavisikiliza.

Mtaalamu wa Kiswahili atauliza kichekesho hiki kitafasiriwaje katika lugha isiyo na hali za majina. Jibu ni kwamba Kiswahili kina upatanisho. Neno Mungu huchukua viambishi vya ngeli ya watu: Mungu anajua, Mungu aliyeumba, Mungu wetu mwema. Likitolewa na kutiwa maneno yenye “kitu”, basi kitenzi, kivumishi, kirejeshi na kimilikishi vyote havina budi kufuata: kinajua, kilichoumba, chetu chema. Bur-Malottke wa Kiswahili asingeweza kubadili jina peke yake. Ingempasa abadili sentensi nzima, na kila “ki” angaliyoisema ingalimsuta kwamba amemshusha Mungu kutoka katika ngeli ya wenye uhai. Mahali hapa tafsiri yaweza kuwa kali hata kuliko asili.

Günter Grass, aliyezaliwa Danzig mwaka wa 1927, alitumia chombo kingine. Katika Die Blechtrommel, riwaya ya mwaka wa 1959, Oskar Matzerath anakataa kukua tangu umri wa miaka mitatu na anayapita maisha yake akipiga ngoma ya bati. Siku moja chama cha Hitler kinafanya mkutano. Oskar anajificha chini ya jukwaa na kupiga mapigo ya dansi. Wapigaji wa bendi ya chama hawajui mapigo hayo yatokako. Mmoja mmoja wanayafuata, mwendo wa kijeshi unageuka kuwa dansi, na watu waliokuja kusikiliza hotuba wanacheza. Msomaji anayekumbuka ngoma ya beni, iliyochukua bendi na gwaride la Wazungu ikayatia katika mchezo wa mitaani, ataielewa sehemu hii mara moja. Lakini Grass haachi msomaji afurahi mno. Wale waliogeuzwa na ngoma moja kwa urahisi hivyo ndio waliokuwa wamegeuzwa na ngoma nyingine kabla yake. Hawakuasi, wamebadili mdundo tu.

Kitabu hicho kilikasirisha wengi. Mwaka wa 1959 waamuzi wa tuzo ya fasihi ya mji wa Bremen walimchagua Grass, na serikali ya mji ikakataa kumpa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1999. Mwaka wa 2006 alikiri hadharani kwamba akiwa na umri wa miaka 17 alikuwa askari wa Waffen-SS, jambo ambalo alikuwa amelinyamazia muda wote alipokuwa akiwadai wenzake waseme ukweli. Walikuwapo waliosema kwamba tashtiti yake imebatilika. Hoja hiyo haina nguvu kubwa. Aliyeandika habari za watu wanaofuata mdundo alikuwa amewahi kuufuata. Kukiri kwake kunamtia katika kitabu chake mwenyewe, lakini hakukifuti kitabu.

Shujaa wa Mashariki na mgeni wa televisheni

Katika Ujerumani ya Mashariki, iliyodumu tangu mwaka wa 1949 hata mwaka wa 1990, lugha ya serikali ilijaa mashujaa. Palikuwa hata na nishani ya Shujaa wa Kazi. Thomas Brussig, aliyekulia huko, alitoa mwaka wa 1995 riwaya ya Helden wie wir, yaani mashujaa kama sisi. Msimulizi, Klaus Uhltzscht, ni mtumishi wa polisi wa siri ambaye kazi yake hasa ni upuuzi, naye anadai kwamba ni yeye aliyeuangusha ukuta wa Berlin tarehe 9 Novemba 1989, kwa njia isiyofaa kusimuliwa mbele ya wakubwa. Dai hilo la aibu lina ukali wake. Baada ya ukuta kuanguka, watu wengi walianza kujikumbuka kama wapinzani wa zamani. Brussig aliwaambia kwamba, ikiwa wote walikuwa wapinzani, basi ni vigumu kueleza kwa nini utawala ule ulidumu miaka arobaini.

Mwaka wa 2012 Timur Vermes alitoa Er ist wieder da. Hitler anaamka Berlin katika mwaka wa 2011, katika kiwanja kitupu, naye anasimulia mwenyewe. Watu wanadhani ni mchekeshaji hodari asiyeacha kamwe kuigiza. Anatiwa katika televisheni, anapata umaarufu, anapigwa na vijana wa mrengo wa Kinazi wanaodhani anamdhihaki Hitler. Kitabu kiliuzwa nakala zaidi ya milioni moja, na bei yake nchini Ujerumani iliwekwa kuwa euro 19.33, kwa kuukumbusha mwaka aliopata madaraka.

Kwa mara ya kwanza katika vitabu vilivyotajwa, msimulizi ni mtawala mwenyewe, na mtii haonekani. Wahakiki wengine walilalamika kwamba kumchekea muuaji ni kumfanya ndugu. Lakini mtii hakutoweka; amehamia upande wa msomaji. Hitler wa Vermes husema mambo ya kweli juu ya upuuzi wa televisheni na uvivu wa wanasiasa, na msomaji humkubali katika ukurasa mmoja kabla ya kushtuka katika ukurasa wa pili. Humo kitabuni karani wake wa kike anamwambia kwamba bibi yake, ambaye jamaa zake waliuawa na Wanazi, hacheki. Jambo hilo linatulizwa upesi, na shughuli zinaendelea. Swali la Heinrich Mann limerudi, ila safari hii anayeulizwa ameshika kitabu mkononi.

Jina la mtii katika Kiswahili

Vitabu hivi vinasubiri kufasiriwa kwa Kiswahili na watu wanaozijua lugha zote mbili, na ugumu wao unaanza katika kichwa cha kitabu cha kwanza. Untertan ni mtu aliyewekwa chini ya mwingine. Wafasiri wa Kiingereza wamekipa kitabu hicho majina matatu yaliyo mbalimbali, la kwanza likimcheka mzalendo wa maneno matupu, la pili likimfananisha na sanamu ya majani makavu, na la tatu likimwita mtu wa Kaizari aliye mwaminifu. Kiswahili nacho kilikuwa na neno lililofaa sana, yaani raia. Katika asili yake ya Kiarabu neno hilo lina maana ya wanaochungwa kama kundi, na katika Kiswahili cha zamani raia wa Sultani walikuwa watu walio chini ya Sultani. Lakini neno limepanda cheo. Raia wa leo ana haki, hupiga kura, aweza kuishitaki serikali. Hessling hawezi kuitwa raia, na sababu inayomnyima jina hilo ni sifa kwa historia ya neno lenyewe.

Pana “mtumwa”, lakini mtumwa hakuchagua. Pana “kibaraka”, lakini neno hilo tayari ni tusi, na tusi huua tashtiti kwa sababu humwambia msomaji mapema nani wa kuchukiwa. Laelekea kufaa zaidi neno “mtiifu”. Ni neno la sifa, ambalo wazazi na walimu hulitumia wanapomsifu mtoto mwema, kama vile Untertan lilivyokuwa neno la heshima katika zama za Kaizari. Msomaji atalipokea kwa ukarimu katika jalada, na kurasa zenyewe zitamwonyesha lilichobeba.

Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka wa 1951, aliiweka nchi yake ya dhuluma angani, mbali na kila ramani, na humo akamsimamisha Karama mbele ya baraza aseme kweli kwa ufasaha. Tashtiti ya aina hiyo humpa mnyonge lugha nzuri ya kujitetea. Mann, Keun na Böll walifanya kinyume: walibaki Berlin, Frankfurt na katika nyumba ya redio, wakampa mtii lugha ya mkubwa, wakamwacha aitumie. Kiswahili kimekwisha kuonyesha uwezo wake katika njia ya kwanza. Kwa njia ya pili kina mnyambuliko, kina ngeli, kina maneno ya heshima yanayoweza kusemwa kwa uzito wote wa rasmi mpaka yajisute yenyewe, na mfasiri atakayeanza na henzirani ile iliyovikwa maua hatakosa maneno.